Dramu za MIDI Zinasikika Chini Baada ya Kuingiza Faili: Tafuta Sauti Ilikopotelea

Mpiga kinanda amekuletea faili la MIDI kwenye flashi. Umeliingiza kwenye programu ya kurekodia, traki ya dramu umeiwekea seti nzuri, lakini wimbo ukianza sneya imezama chini ya gitaa, kiki haina kifua, na haihati huipati hata ukitega sikio. Fada, yaani kitelezi cha sauti cha traki, umeipandisha mpaka mwisho na hali ni ileile.

Dawa inayotolewa haraka ni kubandika kompresa na limita, zana za kubana vilele vya sauti, kisha kusukuma mpaka dramu zitoke. Sikubaliani nayo. Seti nyingi za dramu za siku hizi zimerekodiwa kwa matabaka: sneya ileile imepigwa taratibu, ikapigwa kwa nguvu ya wastani, ikapigwa kwa nguvu zote, na kila pigo likahifadhiwa peke yake. Faili likisema piga taratibu, plagini, yaani programu ndogo inayotoa mlio ndani ya programu ya kurekodia, inachukua rekodi ya pigo la taratibu. Ukiipandisha sauti unapata pigo lilelile la taratibu, ila sasa lina kelele: ngozi haijavutwa, waya za chini ya sneya hazijalia, ncha ya fimbo haisikiki. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kujua sauti imepotelea wapi, na kuirudishia palepale.

Faili la MIDI halina sauti ndani yake. Tangu mfumo huu utoke mwaka 1983, kinachosafiri ni maagizo tu: chaneli fulani, noti fulani, ipigwe kwa nguvu kiasi fulani, iachwe. Maagizo hayo karibu yote hupimwa kwa namba kuanzia 0 hadi 127. Kwa hiyo sauti inaweza kupungua kwenye noti yenyewe, kwenye chaneli inayobeba noti, ndani ya plagini inayotoa mlio, au kwenye mikisa. Tutapita humo kwa zamu, lakini baada ya jaribio moja la kukuokolea muda.

Mifano mingi hapa ni ya programu ya kurekodia ya REAPER, kwa sababu inaonyesha kila kilichomo ndani ya faili bila kuficha kitu na haihitaji kompyuta ya gharama. Anayetumia FL Studio au GarageBand hataachwa.

Hatua ya 1: Tenganisha faili na plagini

Hifadhi kwanza nakala ya kazi yako. Kisha fungua traki mpya tupu, weka plagini ileile na seti ileile ya dramu. Iweke upya, usinakili traki ya zamani, maana plagini iliyokwisha kupokea maagizo ya faili huendelea kuyashikilia hata ukilifuta faili.

Kwenye traki hiyo mpya tengeneza kipande kifupi cha MIDI, bar mbili zinatosha. Chora kiki kwenye noti namba 36 na sneya kwenye noti namba 38, zote kwa nguvu ya 110. Fada ya traki iwe kwenye desibeli sifuri, pasiwe na plagini nyingine yoyote. Cheza.

Ikiwa dramu zimetoka kwa sauti ya kuridhisha, plagini yako haina kosa. Tatizo limo ndani ya faili, nenda hatua ya 2, 3 na 4. Ikiwa hata hapa sauti ni ndogo, faili halihusiki; ruka hadi hatua ya 5. Watu wengi hutumia saa nzima wakihariri noti za faili lisilo na ubaya, kumbe fada ya ndani ya plagini imeshushwa. Jaribio hili linachukua dakika mbili, lifanye.

Jambo moja kuhusu majina. Nimetaja noti kwa namba kwa makusudi. Noti 36 inaitwa C2 kwenye REAPER, C1 kwenye GarageBand, na C3 kwenye FL Studio. Namba haibadiliki, jina linabadilika kwa kila programu, na mkanganyiko huo utaturudia kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 2: Soma velositi

Velositi ni nguvu ambayo noti ilipigwa nayo. Kwenye REAPER bonyeza mara mbili kipande cha MIDI, dirisha la kuhariri litafunguka, na chini ya noti utaona vijiti vilivyosimama. Kila kijiti ni pigo moja. Kwenye FL Studio vimo chini ya piano roll, dirisha lake la kuhariri noti. Kwenye GarageBand ukichagua noti, kitelezi cha velositi kinajitokeza upande wa kushoto wa dirisha la kuhariri.

Usitazame kijiti kimoja. Tazama safu nzima na ujiulize maswali mawili: kijiti kirefu kuliko vyote kimefika wapi, na tofauti kati ya virefu na vifupi ikoje? Kama kirefu kabisa hakivuki 65, umempata mhalifu.

Sababu zake ni nyingi. Vinanda visivyo na hisia ya mguso hutuma namba moja kwa kila noti, uguse kwa upole au ushushe ngumi. Vyenye hisia huwa na mpangilio wa mguso, na ukiwekwa mzito vidole vya kawaida haviwezi kufika juu. Pedi za dramu za kielektroniki nazo zina mpangilio wao wa wepesi. Na kama faili limetoka MuseScore, alama za karatasi ya muziki ndizo zinazoamua: p hugeuka kuwa velositi 49, mf kuwa 80, f kuwa 96. Mwalimu wa kwaya aliyeandika p mwanzoni mwa ubeti kwa ajili ya waimbaji anaweza kuwa ameipunguza dramu yote bila kukusudia.

Sasa kurekebisha. Kuna njia mbili, na zinatofautiana kuliko zinavyoonekana. Ya kwanza ni kuongeza: kila noti iongezwe, tuseme, 45. Ya pili ni kuzidisha: kila noti izidishwe kwa kiasi kilekile. Chukua biti ya kawaida yenye namba hizi: sneya 62, kiki 58, sneya ya chinichini 22, haihati inayobadilishana 34 na 18.

Ukiongeza 45 unapata sneya 107, kiki 103, sneya ya chinichini 67, haihati 79 na 63. Sneya kubwa imepanda vizuri, lakini ile ndogo, iliyokuwa karibu theluthi ya kubwa, sasa imepita nusu yake. Haihati nayo imepoteza mbembeo: 34 kwa 18 ni karibu mara mbili, 79 kwa 63 ni karibu sawa. Biti imesimama wima.

Ukizidisha kwa 1.7 unapata sneya 105, kiki 99, sneya ya chinichini 37, haihati 58 na 31. Uwiano alioupiga mpigaji umebaki vilevile. Kwa dramu, karibu mara zote, zidisha.

Kwenye FL Studio chagua noti zote kwa Ctrl+A, kisha bonyeza Alt+X, utapata kidirisha cha kupandisha viwango kwa uwiano. Kwenye REAPER, na katika programu nyingine nyingi, kuna plagini ndogo za MIDI za kubadili velositi. Iweke kwenye traki kabla ya plagini ya dramu, nayo itazidisha kila pigo linapopita bila kugusa faili lenyewe. Napenda njia hiyo kwa sababu unaweza kusogeza kiasi huku wimbo ukicheza, ukasikia sneya inapovuka kutoka tabaka moja kwenda jingine. Kwenye GarageBand kitelezi husogeza noti zote ulizochagua kwa pamoja. Hapo chagua ala moja moja, kiki peke yake, sneya kubwa peke yake, sneya ndogo peke yake, ili usiharibu uwiano.

Tafuta namba ya kuzidishia kwa sikio, ukianzia kwenye sneya kubwa. Ifikishe mahali ambapo mlio wake unabadilika, si sauti tu. Kwenye seti nyingi hilo hutokea kati ya 95 na 115. Kisha irudie haihati yenyewe: mara nyingi haihitaji kupanda kama sneya, na ikipanda sana inachoma masikio kabla wimbo haujafika kiitikio.

Usiweke kila kitu 127. Noti zikigonga dari zote zinachukua rekodi za tabaka moja la juu, na biti inakosa pumzi. Ukiona vijiti vingi vimegonga juu baada ya kuzidisha, punguza kizidishio.

Na kama velositi zote zilikuwa nzuri tangu mwanzo, kati ya 80 na 120, usiziguse. Sababu iko mbele.

Hatua ya 3: Tafuta kontrola namba 7 na namba 11

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu kinachoshusha sauti hakionekani kwenye noti.

Mbali na noti, faili la MIDI hubeba maagizo ya chaneli nzima, yanayoitwa kontrola. Namba 7 ni sauti ya chaneli. Namba 11 ni ya kupandisha na kushusha sauti ndani ya wimbo, na hufanya kazi juu ya namba 7. Kwa kawaida ya General MIDI, kanuni ya pamoja ya ala za MIDI iliyotoka mwaka 1991, kontrola ya 7 huanza kwenye 100 na ya 11 huanza kwenye 127. Faili lililotengenezwa kwa ajili ya kuimbia juu yake mara nyingi huwa na namba 7 iliyoshushwa kwa makusudi, ili mwimbaji asikike kwenye spika za kinanda.

Upungufu wake ni mkubwa kuliko namba zinavyoonyesha. Kwa mkunjo unaopendekezwa na General MIDI, kontrola ya 7 ikiwa 64, yaani nusu, sauti inashuka kwa desibeli 12. Ikiwa 40, inashuka kwa desibeli 20. Na kwa kuwa ya 7 na ya 11 hujumlishwa, zikiwa zote 64 umepoteza desibeli 24. Hakuna fada ya kawaida itakayokurudishia hizo. Fada nyingi za programu hupanda desibeli 6 au 12 juu ya sifuri, basi.

Kwenye REAPER, katika dirisha la kuhariri MIDI, bonyeza neno "Velocity" lililo pembeni ya vijiti. Orodha ya kontrola itafunguka. Chagua namba 07, kisha namba 11. Ukiona vitone au mistari, hayo ndiyo maagizo. Njia ya uhakika zaidi ni kufungua menyu ya View na kuchagua orodha ya matukio. Hapo unasoma faili mstari kwa mstari, na maagizo ya mwanzo kabisa, yale yanayotangulia noti ya kwanza, ndiyo ya kutazama kwa makini.

Usitazame mwanzo tu. Shuka hadi mwisho wa wimbo. Nyimbo nyingi huisha kwa kufifia, na kufifia huko kwenye MIDI ni mlolongo wa kontrola ya 7 au ya 11: 100, 92, 81, 70, hadi 5 au 0. Wimbo ukifika mwisho, plagini inabaki na ile namba ya mwisho. Ukirudi kucheza kuanzia ubeti wa pili, ambako hakuna agizo jipya, dramu zinatoka chini au hazitoki kabisa, na ukirudi mwanzo kabisa zinarudi. Tatizo likiwa na tabia hii ya kuja na kuondoka, usihangaike kwingine. Baadhi ya programu hutafuta agizo la nyuma kabla ya kucheza, nyingine hazifanyi hivyo.

Ushauri wangu ni kufuta kontrola zote za 7 na 11 kwenye traki ya dramu, zote, na kufanya kufifia kwa fada ya programu au kwa mstari wa otomesheni. Sauti ya chaneli sasa inatawalwa mahali pamoja unapopaona. Ukishazifuta, weka agizo moja la kontrola ya 7 yenye thamani 100 na moja la kontrola ya 11 yenye thamani 127 kabla ya noti ya kwanza. Hatua hiyo ya mwisho usiiruke: kufuta maagizo hakuiambii plagini irudi juu, inaendelea kushika namba ya mwisho iliyoisikia. Kuna plagini za dramu zisizosikiliza kabisa kontrola ya 7, na hapo hutaona tofauti. Haina madhara kuiacha.

Ukiwa kwenye orodha ya matukio, tazama pia mistari ya sysex, yaani ujumbe unaoanza na F0. Wenye umbo la F0 7F 7F 04 01, ukifuatwa na namba mbili na kufungwa kwa F7, ni agizo la sauti kuu ya ala nzima. Plagini inayoutii itashusha kila kitu kwa pamoja. Ufute.

Na kama ni ala moja tu iliyoshuka, mathalani sneya peke yake wakati velositi yake ni nzuri, tafuta kontrola tatu zilizofuatana: 99 yenye thamani 26, 98 yenye thamani 38, kisha 6 yenye thamani ndogo. Huo ni utaratibu wa vinanda vya mifumo ya GS (ya Roland) na XG (ya Yamaha) wa kupanga sauti ya kila ngoma ndani ya seti. 38 hapo ni namba ya noti ya sneya. Kwenye plagini zinazoiga mifumo hiyo utafanya kazi kweli. Ondoa zote tatu kwa pamoja, usiache moja.

Programu yako haionyeshi kontrola?

GarageBand haina orodha ya matukio, na programu za simu nyingi hazina. Tumia kifaa cha bure kiitwacho midicsv: kinageuza faili la MIDI kuwa maandishi ya kawaida, unayafungua kwenye Notepad au programu yoyote ya maandishi. Mstari wa kontrola unaonekana hivi:

2, 0, Control_c, 9, 7, 64

Maana yake: traki ya 2, wakati 0, kontrola, chaneli 9, namba 7, thamani 64. Usishtuke kuona chaneli 9. Dramu za General MIDI hukaa chaneli ya 10, lakini midicsv huanza kuhesabu kwenye 0, kwa hiyo ya kumi inaandikwa 9. Noti nazo zinaonekana hivi:

2, 480, Note_on_c, 9, 38, 62

Hiyo ni sneya, noti 38, velositi 62. Badilisha 64 ya mstari wa kwanza iwe 100, hifadhi, kisha tumia csvmidi, pacha wake, kurudisha maandishi kuwa MIDI. Noti zenye velositi 0 ziache kama zilivyo. Hizo si mapigo ya kimya, ni agizo la kuachia noti.

Hatua ya 4: Je, noti zinapiga ngoma zake?

Wakati mwingine sauti haijapungua, imehamia kwenye ala isiyo yake. Faili la General MIDI linaweka kiki kwenye 35 au 36, mpigo wa ukingo wa sneya kwenye 37, sneya kwenye 38 na 40, haihati iliyofungwa 42, ya kukanyaga 44, iliyofunguka 46, krashi 49, raidi 51. Plagini nyingi za dramu zina mpangilio wao, na si zote huufuata huu tangu zinapofunguliwa.

Kosa la kawaida ni noti moja. Sneya ikiangukia 37 unasikia mgongo wa fimbo kwenye ukingo, kitu chembamba kisichoweza kubeba wimbo, na mtu anasema sneya iko chini. Kosa la pili ni oktava nzima, linalotokana na ule mkanganyiko wa C1 na C2: kila noti imeshuka au kupanda kwa 12, kiki inaangukia mahali pasipo na sampuli na kunyamaza, huku ngoma nyingine zikiendelea. Biti isiyo na kiki husikika dhaifu yote.

Cheza noti moja moja kwa kubonyeza kinanda cha kando ya dirisha la kuhariri, ukilinganisha na orodha ya seti yako. Plagini nyingi nzuri zina chaguo la kupokea mpangilio wa General MIDI. Liwashe kwanza kabla ya kuhamisha noti kwa mkono.

Ngoma za mkono zinastahili uangalifu wa pekee, hasa kwa anayetengeneza chakacha au taarabu ya kisasa. Bongo ziko 60 na 61, konga 62, 63 na 64, kayamba hutafutiwa nafasi kwenye kabasa ya 69 au marakasi ya 70. Seti za dramu za roki hazina kitu kwenye noti hizo. Faili litacheza, na nusu ya mdundo haitatoka. Fungua plagini ya pili yenye ngoma za mkono, ipelekee noti za 60 kwenda juu, na uzipe velositi zake mwenyewe, kwani konga iliyopigwa 50 na sneya iliyopigwa 50 hazifanani hata kidogo kwa uzito.

Kama faili zima limeingia kwenye traki moja, dramu, besi na piano pamoja, basi ni faili la aina ya 0, au ulichagua kuliunganisha wakati wa kuingiza. Ligawe kwa chaneli kwanza. REAPER ina amri ya kufanya hivyo ukibonyeza kipande kwa kitufe cha kulia, ndani ya menyu ya Item processing. Baki na chaneli ya 10 kwa dramu.

Hatua ya 5: Ndani ya plagini

Kama jaribio la hatua ya 1 lilikuleta hapa moja kwa moja, fungua plagini yenyewe na utafute mikisa yake. Karibu kila seti ya dramu ina fada za maikrofoni: ya karibu ya kila ngoma, za juu, na za chumba. Seti nyingine hufunguka zikiwa na maikrofoni za chumba juu na za karibu chini. Dramu zinasikika mbali, na mbali sikio linatafsiri kuwa chini. Pandisha za karibu.

Kisha angalia mkunjo wa velositi. Ni mchoro au kitufe kinachoamua 60 inayoingia ichukuliwe kama ngapi. Ukiwa na faili moja tu lenye shida, rekebisha faili. Ukiwa na kinanda kimoja kinacholeta mafaili dhaifu kila wiki, rekebisha mkunjo, uhifadhi seti hiyo kwa jina lake, na uitumie kwa kazi zote za kinanda hicho.

Mwisho ni njia za kutokea. Plagini za dramu zinaweza kutoa kiki kwenye njia moja, sneya kwenye nyingine, tomu kwenye nyingine. Ikiwa seti imewekwa hivyo na wewe umefungua njia mbili za kwanza tu, ngoma nyingine zinacheza lakini hazifiki kwenye spika, isipokuwa kidogo kupitia maikrofoni za juu. Dalili yake ni sneya unayoisikia kwa mbali tu hata ikiwa 120. Rudisha zote kwenye njia ya stirio ya kawaida.

Hatua ya 6: Linganisha kwa haki

Dramu zikiwa sawa peke yake na zikizama zikichanganywa, tazama ulichozichanganya nacho. Biti uliyopakua au wimbo wa mfano umeshapitishwa kwenye limita na kukandamizwa. Dramu mbichi haiwezi kushindana nao, wala haipaswi. Shusha vingine, acha vilele vya dramu vicheze kati ya desibeli 10 na 6 chini ya sifuri, halafu panga sauti na ala nyingine kuzizunguka. Usiihukumu kiki kwa spika ya simu, kwa kuwa uzito wa kiki uko sana kati ya hezi 50 na 100 na spika hiyo haifiki huko.

Sasa, na si kabla, weka kompresa kama muziki unaihitaji. Ikiwa na dramu iliyopigwa sawasawa, itakaza kilichopo.

Ukimwagiza mpiga kinanda faili jingine

Mwombe mambo manne. Aweke mguso wa kawaida kwenye kinanda chake na ahakikishe haujazimwa. Aiweke sauti ya traki ya dramu kwenye 100 kabla ya kurekodi na asiisogeze wimbo ukiendelea. Asifanye kufifia mwishoni. Amalizie wimbo kamili, kufifia utafanya wewe. Na akuletee pamoja na MIDI rekodi ya sauti ya wimbo uleule kutoka kwenye kinanda, hata kwa simu, ili usikie alikusudia sneya iwe kubwa kiasi gani.

Faili ulilolisafisha lihifadhi kwa jina jipya, la asili usiliguse. Mteja akirudi mwezi ujao akitaka wimbo katika ufunguo mwingine, utaanzia kwenye lililo safi.